Mtoto njiti anayehema kwa shida: manyasi, mvuke, au mapovu ya wodini?

Chupa ilikuwa ya soda, ya nusu lita, na maji yaliyokuwa ndani yalikuwa na rangi ya chai iliyolala. Bibi aliitoa chini ya leso yake polepole, akitupia mlango jicho. Alikuwa ametoka Alego na matatu ya kwanza ili awahi Kisumu saa ya kutazama wagonjwa. Mjukuu wake alikuwa na siku 3 na gramu 1,180, amezaliwa katika wiki ya 29 ya mimba, na kila alipovuta pumzi ngozi ilizama kati ya mbavu zake hata ungeweza kuzihesabu.

"Sista," akaniambia, "haya ni manyasi ya kifua. Matone matatu tu, juu ya ulimi. Hata baba yake nilimpa akiwa mdogo, akapona."

"Dani, keti kwanza," nikamwambia, nikamvutia kiti.

Kumkaripia singeweza. Mimi ni muuguzi wa watoto wachanga, na nyanya yangu alikuwa nyamrerwa. Kwa asiyejua Kijaluo, manyasi ni dawa ya miti, dani ni bibi, na nyamrerwa ni mama anayezalisha kijijini na kuyajua majani ya watoto, anayegongewa mlango usiku wa manane na kutoka bila kuuliza malipo. Nimemshikia tochi. Nimemtwangia mizizi. Swali la dani yule naulizwa kila wiki, kwa simu, kanisani, sokoni Kibuye kati ya mafungu ya omena: mtoto amezaliwa kabla ya siku zake, mapafu yanamsumbua, tumpe dawa ya miti au tuwaachie hospitali? Nitaviweka vitu hivyo kando kwa kando, na vyote nitaviuliza swali moja: je, kimewahi kupimwa kwa mtoto wa ukubwa huu, mwenye mapafu haya? Vya hospitali navyo nitaviuliza hivyo hivyo, maana vimewahi kuumiza watoto.

Kinachoumia ni nini

Ndani ya mapafu kuna vifuko vya hewa, vidogo mno, kwa mamilioni, na kila kimoja kina unyevu. Chukua vikombe viwili vya plastiki vilivyolowa, uvipachike kimoja ndani ya kingine, kisha ujaribu kuvitoa. Vinagoma. Kuta za vifuko nazo hunatana vivyo hivyo, na mwili huzuia hilo kwa utando wa mafutamafuta uitwao safaktanti. Mtoto huanza kuutengeneza akiwa tumboni karibu na wiki ya 24, na huwa nao wa kutosha kama wiki ya 34 au 35. Anayezaliwa kabla ya hapo huyafungua mapafu yake upya kwa kila pumzi, mchana na usiku, mpaka anachoka.

Mary Ellen Avery na Jere Mead ndio walioonyesha mwaka 1959 kwamba mapafu ya watoto waliokufa kwa ugonjwa huu yalikosa utando huo. Miaka 4 baadaye, Agosti 1963, Patrick, mwana wa rais Kennedy wa Marekani, alizaliwa wiki tano na nusu kabla ya siku zake akiwa na kilo 2.1, akafa kabla ya siku mbili kutimia. Madaktari wa nchi tajiri kuliko zote walimzunguka na hawakuwa na cha kumpa. Mtoto wa kilo hizo leo akiletwa kwetu, natarajia kumwona akirudi nyumbani.

Hilo ni jeraha la kwanza. La pili hutokana na tiba yenyewe. Mwaka 1967 William Northway na wenzake wa Stanford waliandika juu ya watoto waliookolewa kwa mashine ya kupumulia na oksijeni nyingi, kisha picha zao za eksirei zikaonyesha mapafu yenye makovu. Mashine inayosukuma kwa nguvu hutanua vifuko kupita kiasi na kuvichana. Na oksijeni inayozidi huunguza. Tazama mabati ya nyumba za kando ya ziwa: kutu inayoyala inatokana na oksijeni ile ile tunayoiita uhai. Ndani ya pafu changa kitu cha namna hiyo hutokea, uvimbe unafuata, na vifuko vinaacha kuongezeka. Mtoto anabaki na vifuko vichache, vikubwa, visivyofanya kazi vizuri, na wiki ya 36 ya hesabu ya mimba inafika bado anategemea oksijeni.

Kwa hiyo tiba ina kazi mbili: kuyaweka mapafu wazi bila kuyachana, na kumpa mtoto oksijeni bila kumwunguza. Hapo ndipo mitishamba inapoingia kwenye mazungumzo, maana majani na mizizi mingi ina kemikali zinazozuia uunguzaji huo na kupoza uvimbe. Wazo hilo halina kasoro. Tatizo ni safari ya kutoka kwenye sufuria hadi kwenye pafu la mtoto.

Matone ya manyasi na matone ya maziwa

Nianze na chupa ya dani. Nilimwuliza imechemshwa na nini, akanitajia majani mawili na gome moja, kwa majina ninayoyajua tangu utoto. Hakuna aliloficha. Ila nilipomwuliza gome lilikuwa kiasi gani, alinionyesha kiganja, na maji alisema "ya kutosha". Kwa mtu mzima mwenye kilo 60, kiganja kikizidi kidogo, ini na figo zitamalizana nacho. Kwa mtoto wa gramu 1,180 sina namna ya kujua tone moja lina nini, na dani pia hana. Baba yake mtoto, huyo aliyepewa akapona, alizaliwa siku zake zikiwa zimetimia. Dani alinihakikishia hilo mwenyewe nilipomwuliza. Alikuwa na mafua. Mapafu yake yalikuwa mazima.

Halafu kuna jambo ambalo nyanya yangu hakuwahi kuambiwa na mtu. Mtoto aliye chini ya wiki 34 hivi hajajua kupanga kunyonya, kumeza na kupumua kwa zamu. Ndiyo maana maziwa tunampitishia kwa mrija mwembamba hadi tumboni. Tone unaloliweka juu ya ulimi wake, ukiwa na nia njema kabisa, linaweza kuteleza hadi kwenye mapafu yale yale unayotaka kuyatibu. Likifika tumboni nalo, linakuta utumbo mwembamba kama karatasi, unaoweza kuvimba na kuoza kwa haraka ya kutisha. Wazazi hushangaa ninapowaambia kwamba mtoto aliyekuja na tatizo la kifua anaweza kuondolewa na tumbo.

Kando ya manyasi weka maziwa ya mama, hasa yale ya kwanza, mazito, ya manjano, ambayo bado kuna vijiji ambako yanakamuliwa na kumwagwa kwa kuitwa machafu. Hayo yanapunguza hatari ya utumbo kuoza, yana kinga, na yamepimwa kwa watoto wa ukubwa huu mara nyingi kuliko kitu kingine chochote ninachokijua. Mtoto anaweza kuanza na mililita 1 au 2 kwa zamu. Mama anayekamua matone kumi siku ya kwanza na kulia kwamba hana maziwa, namwambia kikombe cha mtoto wake bado ni kijiko.

Katika fungu hili la kunywesha niongeze mawili kwa haraka. Ogaka, yaani mshubiri, huharisha, na mtoto mchanga akiharisha maji ya mwili yanaisha kabla hujapata boda. Na asali, ambayo wengi huiona ya upole kabisa, haifai kwa mtoto chini ya mwaka 1: inaweza kubeba viini vya sumu inayolegeza misuli, pamoja na ile ya kupumulia.

Mvuke, kafuri na mafuta

Hapa watu hujiona wako salama zaidi kwa sababu mtoto hanywi chochote. Mtoto anafukizwa kwa majani ya mkaratusi chini ya blanketi, au anapakwa mafuta ya kafuri kifuani na kidogo puani "afunguke".

Kule Kakamega, kando ya msitu, kuna mmea Waluhya wanauita mwonyi. Kikundi cha wakulima cha Muliru huulima na kukamua mafuta yake kwa ajili ya bamu ya mafua na maumivu ya misuli, na mwaka 2010 kilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa kwa kazi hiyo ya kuulinda msitu huku wanapata riziki. Naiheshimu kazi ile. Lakini mafuta ya mwonyi yana kafuri nyingi, na kafuri kwa mtoto mchanga ni sumu inayoweza kumtia kifafa, hata kwa kupita kwenye ngozi yake nyororo. Mentoli nayo ikiwekwa karibu na pua ya mchanga inaweza kumfanya abane koo na kuacha kupumua. Yeye hupumua kwa pua karibu muda wote. Ukiifunga hana mlango mwingine wa haraka. Bamu ni ya baba mwenye mafua. Mtoto asiguswe nayo, na aliyejipaka asimbebe kabla ya kunawa.

Moshi na mvuke vinahukumiwa pamoja. Pafu lenye jeraha halisafishwi kwa moshi wa aina yoyote, uwe wa dawa au wa jikoni. Mtoto akishatoka hospitali, jiko la kuni lihamishwe au yeye alale nyumba nyingine. Hilo litamsaidia kifua kuliko jani lolote nitakalotajiwa.

Mafuta ya kupaka mwilini, ya kupikia au ya nazi yasiyochanganywa kitu, yana hadithi tofauti. Ngozi ya njiti huvuja maji na kupitisha viini, na mafuta ya alizeti yamejaribiwa kwa watoto hawa huko Bangladesh. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unasema kupaka mafuta ya namna hiyo kunaweza kufikiriwa. Ni msaada kwa ngozi, mapafu hayabadiliki. Lakini nyanya anayetaka kumpaka mjukuu wake, hapo nina la kumruhusu, wodi ikikubali.

Manjano ya maabara

Kuna wasomaji walioniletea habari kwenye simu: "Sista, wamegundua manjano hutibu mapafu ya watoto." Habari hiyo ina mzizi wa kweli. Mtoto wa panya huzaliwa mapafu yake yakiwa kwenye hatua inayofanana na ya binadamu aliyezaliwa kabla ya wakati, ingawa kwa panya hiyo ndiyo siku yake. Watafiti huwaweka watoto wa panya kwenye oksijeni nyingi sana kwa siku kadhaa, mapafu yanaharibika, kisha wanajaribu dawa. Kukumini, kiini cha rangi ya manjano, ni mojawapo ya walizojaribu, Los Angeles, na ililinda vifuko vya panya wale. China wamejaribu viini vya mimea yao ya asili kwa njia hiyo hiyo, na resveratroli ya maganda ya zabibu nayo imepitia huko.

Linganisha sasa na kijiko cha manjano cha jikoni. Ya maabara ni kiini kimoja kilichosafishwa, kimepimwa kwa miligramu, na panya alidungwa. Ya jikoni ni unga wenye vitu vingi, na kukumini ikimezwa sehemu kubwa hupita tumboni bila kuingia kwenye damu. Kwa hiyo hata kama ile ya panya itakuja kuwa dawa ya watoto siku moja, na natamani iwe, uji wenye manjano hautakuwa umeitangulia. Kati ya panya na mtoto kuna hatua nyingi, na dawa nyingi zilizoonekana kuponya panya ziliishia njiani.

Kinachonipa matumaini ni kwamba njia yenyewe ipo na imewahi kupitwa. Tu Youyou wa China alianza na mmea wa pakanga wa vitabu vya kale, mwaka 1972 akapata kiini chake safi cha kutibu malaria, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Sisi wa ukanda wa ziwa, tuliozika watoto kwa malaria, tunaimeza kazi yake kila msimu wa mvua. Ujuzi wa kina nyanya unastahili safari ya namna hiyo. KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, ina kituo cha utafiti wa dawa za asili, na Bodi ya Dawa na Sumu husajili dawa za mitishamba. Anayejua gome linalosaidia kifua alipeleke likapimwe kwa jina lake, kabla halijaenda kinywani mwa mtoto wa siku 3.

Mmea uliofika wodini

Kuna mmea mmoja ambao umeshafika, na wengi hawaujui. Kila asubuhi natoa chupa ndogo ya kafeini, ile ile iliyomo kwenye kahawa na kwenye chai ya Kericho na Nandi. Njiti husahau kupumua. Ubongo wake haujakomaa, anakaa kimya sekunde 20, midomo inakuwa ya bluu. Kafeini humkumbusha. Jaribio lililotangazwa mwaka 2006, lenye watoto 2,006 wa gramu 500 hadi 1,250, lilionyesha zaidi ya hapo: waliobaki na mapafu yaliyoumia walikuwa asilimia 36 kwa waliopewa kafeini, na asilimia 47 kwa wasiopewa.

Tazama sasa inavyotolewa, kwa sababu hapa ndipo ulinganisho wote umelala. Dozi ya kwanza ni miligramu 20 za kafeini sitreti kwa kila kilo, na nusu yake tu ndiyo kafeini yenyewe. Kwa mjukuu wa dani hiyo ilikuwa chini kidogo ya miligramu 12 za kafeini. Kikombe kimoja cha chai kinaweza kuwa na mara tatu au nne ya hiyo, na kiasi hubadilika kwa jani, kwa muda wa kuchemsha, kwa mkono wa mpishi. Tena nusu ya kafeini humtoka mtu mzima kwa saa 5 hivi. Njiti anakaa nayo siku 3 hadi 4. Ukimwongezea leo, ya juzi bado ipo. Usithubutu kumpa mtoto chai. Ninakuonyesha tu kwamba hata mmea tunaoujua kuliko yote, tunaounywa mara mbili kwa siku, ulihitaji kusafishwa, kupimwa na kujaribiwa kwa maelfu ya watoto ndipo ukawa dawa yao. Manyasi hayajapewa nafasi hiyo.

Mapovu na oksijeni

Upande wa hospitali, kitu ninachokipenda kuliko vyote ni sipapu ya mapovu. Mtoto anawekewa vijipua viwili laini, hewa yenye joto na unyevu inapita, na mwisho wa mrija unazamishwa kwenye chupa ya maji, sentimita 5 au 6 kwenda chini. Kina hicho cha maji ndicho shinikizo. Mapafu hayarudi kunatana, na hakuna mashine inayoyasukuma kwa nguvu. Ukisimama kando ya kitanda unasikia maji yakichemka bila moto. Yakinyamaza najua mrija umechomoka au pua imeziba, nakimbia. George Gregory na wenzake walieleza wazo la sipapu mwaka 1971, na chupa ya maji imelifanya lifike mbali, hata kwenye hospitali zisizo na mashine kubwa.

Safaktanti ya kuweka moja kwa moja kwenye mapafu ipo pia. Tetsurō Fujiwara wa Japani alionyesha mwaka 1980 kwamba inaokoa. Ni ghali, na inahitaji mikono iliyozoea. Penye nayo, watoto wanaoihitaji waipate mapema. Pasipo nayo, sipapu iliyoanzwa mapema hufanya kazi kubwa.

Kuhusu oksijeni niseme kwa uzito. Miaka ya 1940 na 1950 maelfu ya njiti wa Marekani na Ulaya walipofuka kwa sababu walipewa oksijeni bila kipimo, na wote walioifungulia bomba walidhani wanasaidia. Mimi mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi, kwenye hospitali moja, nilimlinda usiku kucha mtoto aliyewekewa oksijeni ya juu kabisa bila kipimo cha mguuni, kile kinachosoma oksijeni iliyo kwenye damu, kwa kuwa kipimo kilikuwa kimoja na kilikuwa chumba cha upasuaji. Asubuhi alikuwa mwekundu mzuri, mama yake akanishukuru. Sikujua nilikuwa nimemfanyia nini macho yake na mapafu yake. Sijui mpaka leo. Kwa hiyo mzazi, ukifika wodini, uliza: kipimo chake kinasoma ngapi? Kwa njiti aliye kwenye oksijeni tunalenga asilimia 90 hadi 95. Ikikaa 99 au 100 naye bado anaongezewa oksijeni, mwite muuguzi. Una haki ya kuuliza, na muuguzi mwema atafurahi.

Sindano ya kabla ya kuzaliwa

Kama mtoto bado yuko tumboni na uchungu umeanza mapema, swali la manyasi lina jibu fupi: nenda hospitali sasa hivi. Huko kuna sindano za deksamethasoni za kukomaza mapafu ya mtoto, anazodungwa mama, nne kwa siku mbili. Mwaka 2020 matokeo ya jaribio la wanawake 2,852 wa Bangladesh, India, Nigeria, Pakistan na hapa Kenya yalionyesha vifo vya watoto vikishuka kutoka asilimia 23.5 hadi 19.6.

Lakini dawa hiyo hiyo, katika jaribio lingine la nchi sita lililotangazwa mwaka 2015, ambalo eneo letu la magharibi lilishiriki, ilisambazwa hadi vituo vidogo ambako wiki za mimba hazikujulikana vizuri. Vifo vya watoto kwa jumla viliongezeka, kama 3.5 kwa kila 1,000. Wengi waliodungwa hawakuwa wa kuzaa mapema kabisa. Ndiyo maana nawasumbua wajawazito wafanye picha ya mimba mapema, miezi ile ya kwanza, na wajiandikishe SHA, bima ya afya ya serikali, kabla tumbo halijaonekana. Siku ya dharura, tarehe sahihi ni sehemu ya dawa. Na kina nyamrerwa wanaojua kumwahisha mama barabarani badala ya kumshikilia nyumbani, hao nao wanakomaza mapafu ya watoto.

Kifua kwa kifua

Nimeacha la mwisho kitu ambacho hakina chupa. Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, inkubeta hazikutosha, na daktari Edgar Rey Sanabria akaanza kuwafunga njiti kwenye vifua vya mama zao, ngozi kwa ngozi. Miongo minne baadaye jambo hilo lilipimwa kwenye hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, kwa watoto wa kilo 1 hadi chini kidogo ya 1.8, likianzwa mara tu baada ya kuzaliwa bila kungoja mtoto atulie. Katika siku 28 walikufa asilimia 12 ya waliobebwa mapema, na asilimia 15.7 ya walioanza kwenye inkubeta. Matokeo yalitoka mwaka 2021, na mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likasema ianzwe mapema, saa 8 hadi 24 kwa siku.

Inavyosaidia mapafu si fumbo. Njiti hawezi kutetemeka. Akipoa, mwili unachoma oksijeni kutafuta joto, na ile safaktanti kidogo aliyo nayo inazidi kuishiwa nguvu. Usiku wa baridi wa Molo au Njoro, blanketi mbili hazifikii ngozi ya mama. Kifua kinachopanda na kushuka humkumbusha mtoto naye kupumua. Maziwa huja mengi. Na anaweza kubebwa hivyo huku sipapu ikiendelea.

Dani alinisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya chupa. Kisha akauliza, "Na mama yake akilala?" Mkaza mwanawe alikuwa amepasuliwa, hata kukaa ilikuwa kazi. Nikamwambia kifua chochote cha nyumbani chenye afya kinafaa, cha baba, cha nyanya. Aliitazama chupa, akaifungua, akainywa yeye yote, akafuta mdomo. "Ya kifua," akasema, "na safari imenibana." Nikampeleka akanawe hadi viwikoni, akabadilisha blauzi. Tulimvua mtoto tukamwachia nepi na kofia, tukamweka wima kati ya matiti yake, miguu imekunjwa kama ya chura, uso umegeukia kando ili pua iwe wazi, tukafunga kwa leso ile ile.

Mapovu yaliendelea kuchemka. Nikamfundisha kuhesabu pumzi kwa saa ya simu, dakika 1 nzima, kwa kuwa njiti hupumua kwa mkupuo na nusu dakika hudanganya. Nikamwambia siku watakapokuwa nyumbani, zikifika 60 au zaidi, au kifua kikizama, akikoroma kila anapotoa pumzi, akikataa kunyonya au akipoa, wamfunge hivi hivi kifuani waanze safari, hata kama ni saa nane za usiku. Alihesabu kwa Kijaluo, midomo ikitembea, akapata 58. Akaniomba nisiondoke, ahesabu tena.